Waakadia ni kina nani, na ilikuwaje wakafukuzwa kwao

Mji ninaoishi unaitwa Moncton, uko jimbo la New Brunswick, mashariki mwa Kanada, na jina hilo limetokana na Robert Monckton, ofisa wa jeshi la Uingereza ambaye mwaka 1755 ndo aliongoza askari walioteka ngome ya Wafaransa ya Beauséjour, alafu akaanza kuwakusanya Waakadia wa upande huu ili wasafirishwe. Ile k ilidondoka tu njiani. Leo mji huohuo ni kama mji mkuu wa Waakadia, wana chuo kikuu chao cha Kifaransa hapa, Université de Moncton, yaani watoto wa waliofukuzwa wanapata digrii zenye jina la aliyewafukuza, na hoja ya kulibadilisha hilo jina ikiibuka watu wanaongea kwa uchungu kweli.

Waswahili tupo huku, hasa ndugu zetu Wakongomani na Warundi ambao Kifaransa ndo kiliwavuta, na swali la kwanza la kila mgeni huwa ni ile bendera. Unaiona kwenye nguzo za umeme, kwenye maboti, kwenye vibaraza vya nyumba, rangi za bendera ya Ufaransa bluu nyeupe nyekundu lakini juu kwenye bluu kuna nyota ya njano. Mgeni anadhani ni Wafaransa waliohamia. Hapana, na ukimwambia Muakadia kwamba yeye ni Mfaransa atakurekebisha kwa upole, ukimwambia ni wa Quebec atakurekebisha kwa upole kidogo zaidi ya hapo. Hawa ni watu wao wenyewe na stori yao watu wengi wanaijua nusunusu, "walikuwa Wafaransa, Waingereza wakashinda vita, wakawafukuza", na hiyo nusu ndo inapotosha, manake walifukuzwa miaka 45 baada ya Waingereza kuiteka nchi yao, Akadia, na walipofukuzwa walikuwa raia wa mfalme wa Uingereza. Hapo ndo pa kupafungua taratibu.

Tuanze na ardhi kwa sababu bila ardhi huelewi kitu.

Mwaka 1604 Mfaransa anaitwa Pierre Dugua de Mons pamoja na Samuel de Champlain walikuja na watu wao wakakaa kwenye kisiwa kidogo cha Sainte-Croix, walikuwa wanaume 79, baridi ikawakamata kisiwani hawana mboga hawana matunda, 35 wakafa kwa kiseyeye kabla ya majira ya joto. Mwaka uliofuata wakahamia upande wa pili wa Ghuba ya Fundy wakajenga Port-Royal. Nchi haikuwa tupu, ilikuwa nchi ya Wamikmaki tangu na tangu, na walionusurika walinusurika kwa sababu Wamikmaki waliwapokea, chifu wao Membertou akawa rafiki yao kabisa mpaka mwaka 1610 akabatizwa. Familia zenyewe, wanawake na watoto, zilianza kuja kwa wingi kidogo miaka ya 1630, nyingi zikitokea magharibi ya Ufaransa, kule ambako watu walijua kuyaendesha maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi. Na huo ujuzi ndo uliwafanya wawe Waakadia.

Ghuba ya Fundy ina maji kujaa na kupwa makubwa kuliko kokote duniani. Sisi tuliokulia pwani tunaona bamvua la mita nne Unguja ni kubwa, huku kwenye kona za ndani za ghuba maji yanapanda mpaka mita 16, yaani ghorofa tano, mara mbili kwa siku. Hapa Moncton mto Petitcodiac unageuka kabisa, unasimama ukingoni unaona wimbi moja linakuja kinyume na mto, rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, na nusu saa baadaye pale palipokuwa tope pana maji ya kutosha boti. Hilo tope ni rutuba tupu, lakini limejaa chumvi na bahari inalifunika kila siku.

Waakadia wakalichukua kutoka baharini. Walikata vipande vya udongo wenye nyasi za pwani, zile nyasi zenye mizizi inayoshikana kama jamvi, wakapanga tuta refu, na mahali pa mkondo wakaweka chini ya tuta bomba la mti uliochongwa tundu katikati, ndani yake kuna kibao kimening'inizwa kama mlango. Maji ya mvua yakitoka shambani yanakisukuma kile kibao kinafunguka yanatoka, bahari ikijaa inakisukuma upande wa pili kinajifunga, chumvi haiingii. Hamna mtu wa kukilinda, hamna injini. Wanaliita aboiteau. Baada ya miaka miwili, mitatu, minne mvua imeshaosha chumvi yote na unalima ngano bila mbolea. Tuta moja mtu na mkewe hawaliwezi, ni kazi ya kijiji kizima, kila mtu na jembe lake, na likivunjika sehemu moja mashamba ya wote yanaharibika, kwa hiyo hawa watu walijifunza kukaa pamoja na kukubaliana bila kungoja gavana awaambie. Alafu kuna jambo ambalo mimi naliona ni kubwa: kwa kuwa walilima ardhi walioitoa baharini, hawakukata sana misitu ya Wamikmaki ya kuwindia. Wakaoana, wakabatiziana watoto, wakauziana manyoya. Sisemi hapakuwa na shida kabisa, lakini ukilinganisha na walowezi wa New England, yaani makoloni ya Waingereza upande wa Boston, ambao kila mwaka walikuwa wanasogeza uzio, ni mbingu na ardhi.

Sasa siasa. Akadia ilikuwa katikati ya njia, kati ya Boston ya Waingereza na Quebec ya Wafaransa, na kila hao wawili wakigombana ilipigwa yeye. 1613 Waingereza kutoka Virginia waliichoma Port-Royal. Miaka ya 1620 mfalme wa Scotland na Uingereza akampa Sir William Alexander nchi hiyohiyo na kuiita Nova Scotia, Waskoti wakaja wakakaa kidogo, 1632 ikarudi Ufaransa. 1654 watu wa New England wakaiteka tena, 1670 ikarudi tena. 1690 wakaja wakapora Port-Royal. 1710 wakaja na meli nyingi na safari hii hawakuondoka, na 1713 mkataba wa Utrecht ukasema Akadia ni ya Uingereza moja kwa moja. Port-Royal ikawa Annapolis Royal. Ufaransa ikabaki na visiwa vya karibu, Île Royale ambako ilijenga ngome kubwa ya Louisbourg, na Île Saint-Jean ambacho leo kinaitwa Prince Edward Island.

Mtu aliyezaliwa Port-Royal mwaka 1650 alibadilishiwa bendera mara kadhaa kabla hajafa na hakuna hata siku moja aliyoulizwa. Hapo ndo utaelewa kwa nini walijifunza kutojiweka upande wowote. Haikuwa ujanja, ilikuwa namna ya kubaki hai, manake leo ukimsaidia huyu, kesho yule mwingine anarudi na kukuchomea nyumba.

Kwa hiyo Waingereza walipotaka waape kiapo cha utii, Waakadia walisema tutaapa, ila kwa masharti: tubaki na dini yetu ya Kikatoliki, na tusilazimishwe kushika silaha kupigana na Wafaransa au na Wamikmaki. Hili la Wamikmaki watu hulisahau. Kupigana na Wafaransa ilimaanisha kupigana na binamu zako walioko Louisbourg, na kupigana na Wamikmaki ilimaanisha kupigana na majirani ambao wakiamua wanakumaliza usiku mmoja na hakuna askari wa Mwingereza atakayewahi kufika. Kuvutana kukaendelea miaka 17. Mwishowe 1730 gavana Richard Philipps akaandika London kwamba mambo yameisha, wote wameapa. Kweli waliapa. Lakini ile karatasi haikuwa na sharti lolote, ahadi ya kutoshika silaha Philipps aliwapa kwa mdomo, na mapadre wawili wakaandika karatasi ya pembeni kushuhudia kwamba ahadi imetolewa. Basi London ikaamini ina raia waliotii bila masharti, na Waakadia wakaamini wana mkataba. Pande zote mbili zilikuwa na karatasi mkononi. Wakaanza hata kuitwa rasmi "Wafaransa wasiofungamana na upande", na kwa miaka kama 20 hivi maisha yakanyooka, wakazaana sana, mwaka 1671 walikuwa kama watu 400 tu, kufikia 1755 wanahistoria wanakadiria kama 14,000 ukihesabu na waliokuwa visiwani.

Kilichobadilika ni 1749. Uingereza iliona aibu kwamba inamiliki nchi ambayo karibu watu wake wote ni Wakatoliki wanaoongea Kifaransa, ikamtuma Edward Cornwallis na walowezi kama 2,500 wakajenga Halifax. Wamikmaki wakapinga, ardhi ni yao na hawakuulizwa, na Cornwallis akatangaza zawadi ya pesa kwa kila atakayeleta ngozi ya kichwa cha Mmikmaki. Nimeandika hilo wazi kwa sababu ukisoma stori ya Waakadia bila hilo utadhani ukatili ulianza 1755. Upande wa Ufaransa nao hawakuwa malaika, padre mmoja mwanasiasa, Le Loutre, alikuwa anawachochea Wamikmaki wapigane na anawasukuma Waakadia wahamie upande wa Wafaransa watake wasitake, na kijiji cha Beaubassin kilichomwa moto mwaka 1750 ili watu wake wasiwe na pa kurudi. Kwenye ile shingo ya nchi ya Chignecto, mwendo wa saa moja kutoka hapa ninapoandika, ngome mbili zikawa zinatazamana, mto mdogo katikati, na Waakadia wamebanwa kati ya mawe mawili.

Juni 1755 Monckton na wanajeshi wa New England kama 2,000 wakaiteka Beauséjour. Ndani wakakuta Waakadia mia mbili tatu hivi wenye silaha. Wenyewe walisema kamanda Mfaransa aliwatishia kuwaua wasipopigana, na Waingereza kwenye masharti ya kusalimu amri walikubali kuwasamehe kwa sababu hiyohiyo. Lakini kwa Charles Lawrence, aliyekuwa anaongoza Nova Scotia kutokea Halifax, huo ulikuwa ushahidi aliokuwa anautafuta.

Julai akawaita wawakilishi wa vijiji Halifax. Wengine walikuja na barua ya kuomba tu warudishiwe boti na bunduki zao zilizochukuliwa mwezi mmoja kabla. Wakaambiwa apeni sasa hivi, kiapo kizima, bila sharti. Wakasema hawawezi kuamua kitu kama hicho bila kuwauliza watu wao, na kwamba babu zao walishaapa na ahadi ilikuwepo. Wakafungwa kwenye kisiwa cha Georges pale bandarini. Kesho yake baadhi wakasema basi tutaapa, wakajibiwa mmechelewa, kiapo cha woga hakina maana. Tarehe 28 Julai baraza la Lawrence likapitisha: wote waondolewe.

Watu wanaohukumu hii stori kama ishu ya kiapo wasimame hapo wafikirie. Mtu anayetaka uape, ukisema naapa anakukubalia. Lawrence hakukubali. Kabla ya hapo yeye na wenzake walikuwa wameshaandika jinsi mashamba ya Waakadia yalivyo bora kuliko yote jimboni na jinsi walowezi Waprotestanti watakavyoyajaza. Hofu ilikuwepo, ya kweli kabisa, vita na Ufaransa ilikuwa inakuja na Louisbourg iko mlangoni, siwezi kusema hofu hiyo ilitungwa. Ila hofu ingetosha kuwahamishia Quebec au visiwani kwa Wafaransa wenzao, na hilo ndo wengi wao walilitegemea. Lawrence alilikataa, akasema wataongeza nguvu za adui, na kwenye barua aliyowaandikia magavana wa makoloni mengine ya Waingereza huko Amerika alieleza kwamba wagawanywe vipandevipande ili isiwe rahisi kwao kukusanyika tena. Kwangu hiyo ndo kauli nzito kuliko zote kwenye mambo haya, kwa sababu inaonyesha lengo halikuwa kuwaondoa tu mahali, lilikuwa wasiwepo tena kama watu.

Na London je? Waziri aliandika barua tarehe 13 Agosti akimtahadharisha Lawrence asifanye haraka. Barua ilivuka bahari taratibu, ikafika kazi imeshafanyika. Hakuna aliyemwadhibu, na mwaka 1756 akapandishwa kuwa gavana kamili.

Kijiji cha Waakadia cha Grand-Pré, huko Nova Scotia, ndo tunakijua kwa undani kwa sababu ofisa aliyefanya kazi hiyo, kanali John Winslow wa Massachusetts, aliandika shajara. Alifika Agosti, akaweka kambi yake kwenye kanisa la Saint-Charles na nyumba ya padre, mapadre walikuwa wameshakamatwa. Akawaacha wanakijiji wavune. Ilikuwa mwezi wa mavuno, ngano imeiva, na yeye anajua, wao hawajui. Alafu akatoa tangazo kwamba wanaume wote na watoto wa kiume kuanzia miaka kumi waje kanisani Ijumaa tarehe 5 Septemba saa tisa alasiri kusikia maagizo ya mfalme. Wakaja 418. Milango ikafungwa, akaweka meza katikati akasoma, kwamba mashamba yenu, nyumba zenu, ng'ombe na mifugo yenu yote ni mali ya taji, yaani ya serikali ya mfalme, na nyinyi mnaondolewa, mtachukua pesa na vitu vya ndani vinavyobebeka. Aliandika mwenyewe kwamba kazi hiyo haipatani na tabia yake. Nadhani aliandika kweli. Na aliifanya.

Siku tano baadaye akaona vijana wananong'ona akaogopa, akaamua kuwapandisha melini 230 kwanza. Wakagoma, wakasema hatuendi bila baba zetu. Akaamuru askari waweke visu kwenye bunduki. Wakatembea mpaka ufukweni wakisali, wakiimba, wakilia, na njia nzima wanawake na watoto wamepiga magoti pembeni. Oktoba 8 wakaanza kupandishwa familia, na Winslow anaandika jinsi akina mama walivyobeba watoto mikononi na wengine wanawavuta wazazi wao wazee kwenye mikokoteni, vitu vimechanganyikana, vurugu tupu. Mkataba na wenye meli ulisema watu wawili kwa kila tani ya meli, wakajaza kupita hapo. Oktoba 27 meli zikang'oa nanga. Waliobaki kwa kukosa nafasi walisafirishwa Desemba. Nyuma yao askari wakachoma: kwenye wilaya ya Minas peke yake, ambamo Grand-Pré imo, Winslow alihesabu nyumba 255, maghala 276 na vinu 11, ili yeyote aliyejificha msituni akirudi asikute paa.

Mtu mmoja anatosha kuonyesha yote. René LeBlanc alikuwa mthibitishaji wa hati pale Grand-Pré, mzee, na kama kuna Muakadia aliyewatumikia Waingereza ni yeye, mpaka Wamikmaki wanaowaunga mkono Wafaransa walimteka wakamfunga miaka minne kwa sababu hiyo. Alikuwa na watoto kama 20 na wajukuu kama 150. Yeye na mkewe na watoto wawili wadogo wakashushwa New York, wengine wakatupwa makoloni mengine, akahangaika mpaka Philadelphia akawakuta watatu tu, akafa hapohapo. Hayo yameandikwa kwenye ombi ambalo Waakadia wa Pennsylvania walimwandikia mfalme. Ukiniuliza walifukuzwa kwa kuwa wasaliti, nitakuuliza LeBlanc alimsaliti nani.

Makoloni hayakuambiwa kwamba wanakuja, ile barua ya Lawrence ilisafiri kwenye meli moja na watu wenyewe. Massachusetts ikawagawa mijini, ukitoka mji uliopangiwa bila kibali unakamatwa, na watoto wakawa wanachukuliwa kwenda kutumikia kwenye nyumba za watu, wazazi wakaandika malalamiko mahakamani na serikalini. Philadelphia walikaa melini baridi ikiwaua, Anthony Benezet, Mkristo wa dhehebu la Wakweka aliyepinga utumwa, akawa anazunguka kuwatafutia chakula na pa kulala. Georgia ilikuwa hairuhusu hata Wakatoliki kuishi, wengine wakatengeneza maboti wakaanza kupiga makasia kurudi kaskazini, maelfu ya kilomita. Virginia ikawakataa kabisa, zaidi ya elfu moja wakapelekwa Uingereza yenyewe, Liverpool, Bristol, Southampton, wakawekwa kwenye maghala kama wafungwa wa vita, ndui ikawafyeka, mpaka 1763 walipopelekwa Ufaransa, nchi ambayo karibu wote hawakuwahi kuiona.

Wapo waliopinga. Desemba 1755 watu 232 kutoka Annapolis Royal walikuwa kwenye meli Pembroke inaelekea North Carolina, wakawazidi nguvu mabaharia, wakaigeuza, wakatoroka nayo mpaka mto Saint John. Joseph Broussard, aliyeitwa Beausoleil, alipigana msituni pamoja na Wamikmaki miaka kadhaa. Maelfu walijificha kwenye misitu ya New Brunswick, kambi ya Miramichi mwaka 1756 na 1757 njaa ikaua watu wengi, wakala ngozi za viatu.

Na haikuishia 1755, hili wengi hawalijui. Louisbourg ilipoanguka 1758 Waingereza wakaenda Île Saint-Jean, wakakusanya karibu watu 3,000, wakawapeleka moja kwa moja Ufaransa katikati ya msimu wa dhoruba. Meli Duke William na Violet zikazama Desemba, Duke William peke yake kama watu 360. Ukijumlisha waliozama na waliokufa kwa magonjwa, zaidi ya nusu ya waliopakiwa hawakuishi. Kwa kuhesabu vifo, mimi naona huo ndo mwaka mbaya kuliko wote, na bado stori zote zinaishia Grand-Pré.

Waakadia wenyewe wanaviita vyote hivi Le Grand Dérangement, yaani Sumbuko Kuu. Kwanza nilikuwa naona neno dogo mno, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Sasa naona ni neno la mtu asiyetaka kuinua sauti msibani. Wanahistoria bado wanabishana kama iitwe mauaji ya kimbari au usafishaji wa kikabila. Hapakuwa na amri ya kuua, na waliokufa ni maelfu. Ile ya pili, kwa lile alilolieleza Lawrence kwenye barua yake, sioni unaikwepaje.

Kitu kingine cha kufungua: Louisiana, ile ya kusini mwa Marekani. Utasikia "walifukuziwa Louisiana". Hakuna meli hata moja ya 1755 iliyokwenda Louisiana. Vita vilipoisha 1763 watu walianza kujitafutia pa kwenda. Broussard na wenzake kama 200 walitoka Halifax, wakapitia Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, wakafika New Orleans mwanzoni mwa 1765, na yeye akafa mwaka huohuo. Waliokuwa Maryland na Pennsylvania wakafuata. Na mwaka 1785 Hispania, iliyokuwa inaitawala Louisiana, ikalipia meli saba kutoka Ufaransa zilizobeba kama watu 1,600 waliokuwa wamechoka kuzungushwa. Neno Cajun, wanavyoitwa Waakadia wa Louisiana, ni hilohilo Acadien, Kifaransa chao cha kusema 'Cadien kikapita kwenye mdomo wa Kiingereza. Huko nako si kila kitu ni kisafi, wapo walioponyoka udhalimu wakaja kumiliki watumwa Waafrika, na damu zikachanganyika, wanaofuatilia nasaba wanasema Beyoncé kupitia kwa mama yake anatoka kwenye ukoo wa huyohuyo Beausoleil. Na 1921 katiba ya Louisiana ikakifungia Kifaransa nje ya shule, watoto wakawa wanaadhibiwa kwa lugha ya bibi zao.

Waliotaka kurudi kwao waliruhusiwa 1764, kwa sharti la kuapa na kukaa vikundi vidogovidogo mbalimbali. Wakarudi kwa miguu wengine. Wakakuta mashamba yana wenyewe, kuanzia 1760 walowezi kutoka New England kama 8,000 walishagawiwa. Ndo maana ukiangalia ramani leo Waakadia wako ufukweni kwenye mawe na samaki, Chéticamp, Caraquet, Baie Sainte-Marie, na si kwenye ile ardhi nzuri. Mkulima akageuzwa mvuvi.

Miaka mia hivi wakakaa kimya. 1881 wakakutana Memramcook wakachagua Agosti 15 kuwa siku yao, 1884 wakakutana Miscouche wakachagua ile bendera, nyota ni ya Bikira Maria, Nyota ya Bahari. 1960 Louis Robichaud akachaguliwa kuongoza New Brunswick, Muakadia wa kwanza kupata kiti hicho kwa kura, na 1969 jimbo likatambua Kifaransa kama lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kila Agosti 15, mahali pengi inapofika saa 11 na dakika 55 jioni, ambayo kwa saa zao inaandikwa 17:55, watu wanatoka barabarani na sufuria, mifuniko, honi, wanapiga kelele zote walizonazo ili ijulikane kwamba wapo.

Wakili mmoja wa Louisiana, Warren Perrin, alianza 1990 kudai taji la Uingereza likiri. Desemba 2003 likatolewa tangazo kwa jina la Malkia kwamba mambo haya yalitokea na yaliumiza, na kuanzia 2005 Julai 28 ikawa siku ya kumbukumbu. Tangazo lenyewe linasema wazi halileti wajibu wowote wa kisheria. Neno samahani halimo.

Nilikwenda Grand-Pré Agosti moja. Kanisa lililopo ni la ukumbusho, limejengwa 1922, majina ya familia yapo ukutani, LeBlanc, Landry, Cormier, Thibodeau, majina ya watu ninaofanya nao kazi. Lakini nilichokwenda kukiona ni tuta. Novemba 1759, kabla ya walowezi wapya kufika, dhoruba ililivunja, bahari ikaingia mashambani, na hao walowezi walipokuja hawakujua kulijenga. Serikali ikawatoa wafungwa Waakadia kwenye ngome, ikawalipa ujira, wakaja kufundisha na kukarabati matuta ya mashamba ya baba zao ili wengine walime. Nilipanda juu, upande wangu mmoja nyasi za ng'ombe ziko chini kuliko maji, upande mwingine tope linang'aa mpaka mbali. Wakulima wa pale, karibu wote si Waakadia, bado wanalisimamia kwa pamoja kama zamani. Maji yalikuwa yanapwa, na chini ya miguu yangu mlango wa aboiteau ulikuwa wazi, mvua ya jana inatoka.